Programu mbili za kutambua nyoka, zilizojaribiwa chini ya mparachichi

Nina ekari mbili na nusu za parachichi juu kidogo ya Kiwira, upande unaotazama Mlima Rungwe. Ukilima huku unafuga nyoka bila kupenda. Mvua haikatiki, nyasi hazikauki, na sisi wenyewe ndio tunaowatandikia kitanda: matandazo chini ya kila mti, majani ya migomba tuliyorundika pembeni, lundo la samadi lenye joto lake. Panya wanakuja, vyura wanakuja, na mwenye kuwala naye anafuata.

Mwezi wa kwanza binti yangu aliyeko Mbeya mjini aliniwekea kwenye simu programu mbili za kutambua nyoka kwa picha. Moja ni ya kulipia, shilingi 12,000 kwa mwezi. Jina lake silitaji, kwa sababu nitaisema vibaya na sina hela ya wakili. Ya pili ni iNaturalist, ambayo ni ya bure. Nimekaa nazo msimu mzima wa mvua na kiangazi chake, ile ya kulipia mpaka nilipoifuta, na ninaandika haya kwa mkulima mwenzangu anayejiuliza kama simu inaweza kumsaidia pale jembe liko juu na nyoka yuko chini.

Ilikuwa Machi, wiki ambayo mvua ilikuwa inaingia saa nane mchana kama mtu wa zamu. Kijana anayenisaidia shambani alikuwa anasogeza matandazo tutie samadi, mara akaruka nyuma na reki yake mkononi. Neno lililomtoka lilikuwa la Kinyakyusa, na mama yake ananunua mboga kwangu, kwa hiyo siliandiki.

Nikasogea. Pembeni mwa shina alikuwepo nyoka mdogo, sentimita 25 hivi, mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Rangi yake ya udongo mkavu, mabaka ya kahawia iliyokolea yamepangana mgongoni toka shingoni hadi mkiani, na kisogoni alama kama herufi V. Hakukimbia. Alijikunja akaanza kuusugua mwili wake kwa mwili wake, ukatoka mlio kama maji yaliyodondokea kwenye mafuta ya moto. Kichwa akakipanua kikawa pembetatu. Kisha akajirusha mbele mara mbili, mdomo wazi, na ndani ya mdomo ule ni weusi mtupu.

"Mtoto wa kifutu huyo, mama," kijana akasema. Reki ilikuwa imeshageuka jembe, sijui saa ngapi. "Hawa wanazaliwa na sumu yao kabisa."

Hilo la mwisho ni kweli, na ndilo lililonifanya nimzuie. Kifutu hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, ishirini mpaka arobaini kwa uzazi mmoja, na kila kimoja kina meno na sumu tangu siku ya kwanza. Kama yule alikuwa mtoto wa kifutu, basi kumuua yeye peke yake kusingenisaidia kitu, maana ndugu zake wangekuwa wamelala chini ya matandazo ya miti mingine, na Jumamosi nilikuwa na wanawake sita wanaokuja kupalilia kwa mikono. Nilihitaji jina lake kuliko nilivyohitaji mzoga wake.

Nikampiga picha nikiwa hatua tatu, nimeikuza kwa simu. Sikumgusa, sikumsogeza na kijiti. Picha ya kwanza niliiingiza kwenye ile ya kulipia.

Kwa kasi sina la kuilaumu. Sekunde nne, jibu hilo hapo, lenye rangi nyekundu na asilimia 91: nyoka mwenye sumu wa misitu ya mashariki mwa Marekani. Nikamsomea kijana. Akauliza, kwa upole kabisa, kama alitua Songwe na ndege ya asubuhi au ya jioni.

Nikapiga nyingine, kidogo kwa upande. Sasa ikasema chatu. Ya tatu ikasema hana madhara, ikanitajia jina la nyoka anayefugwa na watu kwenye matangi ya vioo huko Ulaya. Majibu matatu kwa nyoka mmoja ndani ya dakika moja, na nyoka mwenyewe hajahama hata kidogo. Na yote yalikuja na asilimia za juu. Afadhali ingesema haijui! Mganga anayekwambia "sijui, nenda hospitali" nitarudi kwake hata kesho, lakini huyu anayejua kila kitu namwogopa.

Nilichogundua baadaye nilipotulia ni kwamba programu ile haikuwahi kuniuliza niko wapi. Nimeitafuta sehemu ya kuandika mahali, haipo. Inatazama picha peke yake, kama mtu anayetambua watu wa dunia nzima kwa paspoti bila kusoma nchi. Mabaka ya kahawia kwenye nyoka mdogo yapo kila bara, na watoto wa nyoka ndio wagumu zaidi, kwa sababu wengi wao hawafanani na wazazi. Koboko mtoto hana weusi wowote, ni wa kijivu au rangi ya mzeituni. Nyoka wa miti aina ya Dispholidus typus, ambaye akikua mara nyingi huwa wa kijani, utotoni ni kahawia na kijivu mwenye jicho kubwa la kung'aa, na sumu yake huzuia damu isigande. Mtu anayekariri rangi za wakubwa atamwona mtoto wa nyoka huyu akadhani ni kijiti.

Kilichoniudhi kuliko hata lile jibu la Marekani ni ukurasa wao wa mafunzo. Wamechora vizuri, wakaandika: nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu na mboni ya jicho iliyosimama wima kama ya paka, asiye na sumu ana mboni ya duara. Mtu akisoma hivyo ataona amepata elimu. Kumbe sheria hiyo inawafaa kidogo watu wa Marekani, ambako nyoka wengi wa sumu ni wa aina moja. Huku kwetu itakuua. Koboko ana mboni ya duara. Swila ana mboni ya duara. Yupo na mmoja wa jamii ya kifutu, anayekula vyura, kwa jina la kitaalamu Causus rhombeatus: mabaka mgongoni, V kichwani, sumu anayo, na jicho lake ni duara safi. Halafu yupo asiye na sumu kabisa ambaye mboni yake imesimama wima kama ya paka, na akikasirika anatandaza kichwa mpaka kinakuwa pembetatu. Huyo wa mwisho, kama umeshaanza kuhisi, ndiye aliyekuwa chini ya mparachichi wangu. Lakini siku ile sikujua.

iNaturalist ni kitu cha namna nyingine, na mtu akiipakua kwa kutegemea jibu la papo hapo atakasirika siku ya kwanza. Unaweka picha, tarehe na mahali. Programu inakupa orodha ya makisio, na ina kipengele cha kutanguliza viumbe waliowahi kuonekana karibu na ulipo, kwa hiyo nyoka wa Marekani hakuonekana hata kwenye foleni. Kisio la juu lilikuwa ni jenasi (kundi la ndugu wa karibu) Dasypeltis, wala mayai wasio na sumu. La pili lilikuwa Causus, yule mla vyura. Mmoja hana sumu na mwingine anayo, wamepangwa mmoja juu ya mwenzake. Hapo nilielewa kwamba hata mashine nzuri ilikuwa inaona kile nilichokiona mimi, na haina uhakika, na inakubali hivyo. Baada ya hapo picha inakwenda kwa watu. Watu kweli, wenye majina yao na miaka yao ya kutazama nyoka, wanaojibu bila kulipwa.

Mtandao chini ya miti yangu ni wa kubahatisha. Programu iliihifadhi kazi yangu kwenye simu, na nilipopanda kwenye migomba ya juu, ikatuma. Hilo nimelipenda sana. Bando lilikwenda kidogo tu.

Nyoka tulimwachia. Tuliuzungushia mti ule kamba ya katani nikamwambia kijana tukafanye kazi mstari mwingine. Hakufurahi. Jirani yangu mzee, mwenye shamba la chai upande wa pili wa mfereji, alipita akakuta kamba. Nikamwamkia, nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwanangu," akasema, "nyoka haulizwi jina." Kuwa mkweli, katika miaka yote ambayo nimemjua mzee huyu, hajawahi kukosea kifutu mkubwa hata mara moja. Kila mdogo mwenye mabaka, kwake, ni kifutu vilevile.

Jibu la kwanza lilikuja usiku, saa tatu kasoro. Mtu mmoja aliandika jenasi tu, Dasypeltis, akaniomba kama nina picha ya kichwa kwa ubavu na ya magamba ya ubavuni kwa karibu. Nilikuwa nayo moja, ile iliyoiletea programu ya kulipia chatu. Nikaiongeza. Asubuhi wa pili akaandika jina kamili, Dasypeltis scabra, nyoka mla mayai, na akaeleza ameonaje. Mboni imesimama wima, wakati yule mla vyura angekuwa na ya duara. Magamba ya ubavuni yamekaa kimshazari na yana mgongo wenye meno kama ya msumeno, ndiyo yanayosuguana yakatoa ule mlio. Kifutu hupumua kwa nguvu, mlio wake ni wa pumzi. Na mabaka ya kifutu mgongoni ni V zilizofuatana, zimechongoka kuelekea mkiani, sio vipande vya mraba vilivyoachana. Wa kwanza akarudi akakubali. Hapo ndipo alama ikabadilika kuwa imethibitishwa, kwa sababu utaratibu wao unataka zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa majina wakubaliane, na wasipungue wawili.

Nililisoma lile la magamba mara mbili nikiwa nimesimama kwenye migomba. Kiumbe wa sentimita 25, asiye na jino la kumuuma hata panya, ameigiza sauti, kichwa na mavazi ya jamii ya kifutu mpaka watu wazima wawili tumezungushia mti kamba! Chakula chake ni mayai ya ndege tu. Hulimeza yai zima, mifupa ya uti wa mgongo iliyochomoza kooni hulipasua, humeza ute na kiini, kisha hulitema ganda likiwa limekunjamana kama karatasi. Mwaka uliopita tuliwaua wawili wa namna hii. Najua sasa kwa sababu kijana anakumbuka ule mlio.

Jumamosi wanawake wakapalilia. Nilivaa gambuti siku hiyo na wao pia, maana jina la nyoka mmoja halikuhakikishii wengine.

Kuna mtu atasema nyoka alishaondoka jibu lilipofika, kwa hiyo faida iko wapi. Ni kweli, kesho yake chini ya mti hapakuwa na kitu. Lakini swali langu halikuwa nimuue au nimwache. Kumwacha hakuhitaji jina, unarudi nyuma hatua tatu basi. Swali langu lilikuwa la shamba zima, na hilo lilikuwa na muda hadi Jumamosi. Kwa mtu aliyeumwa, programu yoyote ni ya kuweka mfukoni. Mlaze, mwondolee pete na viatu kabla hajavimba, kiungo kisitikisike, tafuta gari. Msichanje, msifunge kamba, msibandike jiwe jeusi. Daktari hutibu dalili anazoziona, hahitaji umletee nyoka kwenye mfuko wa rambo. Picha ya mbali kama ipo, sawa.

Jaribio la pili ndilo lililonifanya niifute ile ya kulipia. Mwezi wa tano, kwenye mfereji unaonitenganisha na mzee, ambako vyura wanapiga kelele usiku kucha, nilimkuta mwingine. Mrefu kuliko wa kwanza mara mbili, mnene kidogo, mabaka yaleyale, V kichwani. Alivimba, akapuliza. Sauti ilikuwa ya pumzi. Nikapiga picha ya ubavu wa kichwa kwa kuikuza, mikono inatetemeka, nikaona jicho: duara. Juu ya kichwa magamba ni makubwa, yamepangana kama vigae. Kifutu kamili ana magamba madogo madogo kichwani. Nikajua kabla sijatuma popote.

Ile ya kulipia ikasema, kwa asilimia 88 na rangi ya kijani ya kutuliza moyo, mla mayai, hana madhara, salama kushika.

Salama kushika! Sumu ya huyu hufanya mkono uvimbe na kuuma sana hata kama ni nadra kumuua mtu mzima, na ningekuwa na mjukuu karibu, nani angemzuia baada ya kusoma rangi ile ya kijani? Niliwaandikia. Walinijibu kwa ujumbe wa kunishukuru kwa kuchagua huduma yao. Shilingi 12,000 za mwezi ule hazikurudi.

iNaturalist ilimweka Causus juu kabisa, mla mayai wa pili. Binadamu mmoja akaja siku mbili baadaye akaandika Causus rhombeatus. Siku mbili ni ndefu, na hilo mlijue: jibu linategemea nani yuko macho na nani anawajua nyoka wetu, na wanaojua wa nyanda za juu kusini ni wachache kuliko wanaojua ndege. Mwezi wa sita nilituma nyoka wa kahawia kutoka ghala la mahindi, mwenye mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, mmoja ukipitia kwenye jicho. Huyo alijibiwa kabla ya chai kupoa. Ni yule wa majumbani, Boaedon, anayenyonga panya na hana sumu. Ameendelea kuishi ghalani, na mahindi yangu yamekaa vizuri kuliko mwaka jana.

Mambo madogo ya kujua kuhusu iNaturalist. Hakuna matangazo, mradi ulianza 2008 kama kazi ya wanafunzi wa uzamili pale Berkeley, Marekani, na tangu 2023 ni shirika linalojitegemea lisilo la kibiashara. Majina mengi yanakuja kwa Kilatini, utazoea. Kama hutaki watu wajue shamba lako lilipo, kuna sehemu ya kuficha mahali, na alama itaangukia popote ndani ya eneo la kilomita 22 hivi kila upande. Mimi naificha kila mara, si kwa ajili ya nyoka bali kwa ajili ya wezi wa parachichi. Na ukishaanza, chunga usiku wako. Nilikaa mpaka saa sita nikifuatilia nyoka wa mlima wetu, nikakuta kuna wa miti mwenye jina letu kabisa, Atheris rungweensis, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1940. Nimezaliwa chini ya mlima huu na sijawahi kusikia. Mzee wa chai nilipomwonyesha picha alinyamaza kidogo, kisha akasema huyo anamjua, yuko kule juu msituni, na haulizwi jina.

Ya kulipia nyota moja, kwa ajili ya kasi. iNaturalist nne. Ningetoa tano kama wangekuwepo watu wawili watatu wa Tukuyu au Njombe waliosomea nyoka na wenye muda wa jioni. Nyoka wa mfereji bado ana jibu la mtu mmoja tu, alama haijabadilika. Mimi mwenyewe nimeruhusiwa kukubaliana naye, kitufe kipo, lakini jicho lile nililiona mara moja na mikono ikitetemeka, kwa hiyo nimeiacha.